Jeti za jakuzi kuukuu zimelegea: fuata maji kabla ya kununua pampu

Jakuzi iliyotumika miaka 10 au 15 ikianza kutoa jeti legevu, lawama ya kwanza huiangukia pampu. Pampu mpya huagizwa kutoka mbali, hufungwa, na jeti hubaki vilevile, kwa kuwa kilichokuwa na kasoro ni kichujio kilichoziba, vali iliyosogea nusu, au nozeli zilizojaa chokaa. Pampu ndicho kipuri cha bei kubwa kuliko vyote kwenye njia ya maji, kwa hiyo iwe ya mwisho kushukiwa.

Njia yenyewe si ndefu. Maji hutoka kwenye beseni kupitia kichujio na matundu ya kufyonzea, huingia kwenye pampu, husukumwa hadi kwenye vali ya kugawia, kisha hutawanyika kwenye vijibomba vinavyofika kwenye kila jeti. Hewa ina njia yake: huingia kwa vifundo vilivyo kwenye ukingo na huvutwa na mbio za maji ndani ya jeti. Kwa hiyo maji yakipungua kasi, na viputo hupungua. Lakini viputo vinaweza kupotea huku maji yakiwa mazima kabisa.

Soma dalili kwanza

Washa pampu kwa mwendo mkubwa, fungua vifundo vyote vya hewa, kisha pitisha kiganja mbele ya kila jeti, moja baada ya nyingine. Andika unachohisi. Dakika tano hizi zitakuokolea siku nzima.

Jeti zote zikiwa dhaifu, kasoro iko kabla ya maji kugawanyika: kichujio, upande wa kufyonza, pampu au umeme. Zikiwa dhaifu za upande mmoja tu, mtuhumiwa ni vali ya kugawia, au pampu ya pili kama jakuzi yako ina pampu mbili. Ikiwa ni jeti moja au mbili, usiguse pampu. Tatizo limo ndani ya nozeli hizo. Maji yakisukuma vizuri bila viputo, njia ya hewa imeziba. Na jeti zikipwita, zinapanda na kushuka kama mtu anayehema, pampu inameza hewa.

Kabla ya kufungua mbao za ubavuni

Zima swichi kuu ya jakuzi, si kitufe cha juu tu, na uhakikishe kwa testa kwamba waya hazina umeme. Mstari wa jakuzi unapaswa kulindwa na breka ya RCD, ile inayokata umeme unapovuja, ya miliampia 30. Bonyeza kitufe chake cha majaribio uone kama inakata. Isipokata, simamisha kazi hapo na umwite fundi umeme. Maji na umeme vimo kwenye kasha moja, na kasha lenyewe mara nyingi lina unyevu.

Andaa bisibisi bapa na ya nyota, spana, koleo ya kurekebika, brashi laini, ndoo mbili, matambara, tochi, na grisi ya silikoni. Usitumie mafuta ya mgando ya petroli kwenye mipira ya jakuzi. Baadhi ya mipira huvimba na kulegea yakigusana nayo.

Hatua ya 1: Mambo yasiyohitaji zana

Angalia kina cha maji. Yanapaswa kufika takriban katikati ya mdomo wa kichujio na kufunika jeti za juu. Yakiwa chini, utaona maji yakizunguka kama kimbunga kidogo mdomoni mwa kichujio, na kimbunga hicho hubeba hewa hadi kwenye pampu.

Hakikisha pampu iko kwenye mwendo mkubwa. Pampu nyingi za jakuzi zina mwendo wa aina mbili: mdogo wa kuchuja na kupasha maji, mkubwa wa jeti. Kitufe kikibonyezwa mara moja huwasha mdogo, mara ya pili mkubwa. Usiposikia mlio ukibadilika kati ya kubonyeza kwa kwanza na kwa pili, kumbuka jambo hilo. Tutalirudia kwenye umeme.

Zungusha uso wa kila nozeli. Nyingi hufungwa kwa kuzungushwa, na watoto hupenda kuzichezea. Nozeli iliyofungwa nusu huonekana wazi kwa macho.

Kisha fanya jaribio lenye thamani kuliko yote: zima pampu, toa kichujio, washa tena kwa mwendo mkubwa kwa dakika moja au mbili. Jeti zikirudi na nguvu, umepata jibu. Zisipobadilika, kichujio hakina hatia.

Wakati wa jaribio hili asiwepo mtu ndani ya maji, na watoto wakae mbali. Tundu la kufyonza lililo wazi hunasa nywele na mwili kwa nguvu ambayo mtu mzima hawezi kuishinda kwa mikono. Virginia Graeme Baker, mtoto wa miaka 7, alikufa Marekani mwaka 2002 akiwa amenaswa na tundu la jakuzi, na sheria ya nchi hiyo ya mwaka 2007 kuhusu mifuniko ya matundu hayo inaitwa kwa jina lake. Mfuniko uliopasuka au uliokosa skrubu ubadilishwe kabla mtu hajaingia tena, hata kama jeti ziko sawa.

Hatua ya 2: Kichujio

Kusuuza kwa mpira wa bustani huondoa vumbi na nywele. Hakuondoi mafuta ya ngozi wala losheni, ambayo hupenya kwenye nyuzi za poliesta na kuzifanya zikatae maji. Loweka kichujio usiku kucha kwenye ndoo ya maji yenye dawa ya kusafishia vichujio, kwa kipimo cha kwenye chupa, kisha suuza kila kunjo kutoka juu kwenda chini. Usitumie mashine ya maji ya shinikizo kubwa. Hupasua kitambaa, na nyuzi zake zitaishia ndani ya pampu.

Kichujio kikikauka bado kizito na kigumu kama kadibodi, kina chokaa. Hapo ndipo asidi ya bwawa inapoingia: sehemu 1 ya asidi kwa sehemu 20 za maji, nje penye hewa, ukiwa na glavu na miwani. Maji yatangulie ndooni, asidi ifuate, kamwe si kinyume chake, na isikaribie klorini, kwa kuwa vikichanganyika hutoa gesi ya sumu. Viputo vikikoma, suuza sana. Mafuta ni lazima yatolewe kwanza: asidi ikiyakuta huyagandisha kwenye nyuzi, na kichujio hakitapona tena.

Kinachotumika kila wiki kibadilishwe kila baada ya mwaka 1 hadi 2. Unaponunua, pima urefu, kipenyo, na aina ya mdomo, kisha linganisha eneo la kitambaa. Kichujio cha eneo dogo zaidi kinaweza kuingia vizuri kwenye nafasi yake, lakini kitaziba mapema na utarudi hapa baada ya wiki chache.

Hatua ya 3: Hewa iliyonaswa

Kama ulegevu ulianza mara baada ya kubadilisha maji, karibu hakika kuna hewa iliyokaa juu ya pampu. Pampu huvuma, lakini maji hayasogei au yanasogea kidogo. Usiiache ivume hivyo. Sili yake, kizibo kinachozuia maji yasipenye kuelekea mota, hupozwa na maji, na ikikauka huungua kwa dakika chache.

1. Jaribu kwanza kwa vitufe: washa mwendo mkubwa kwa sekunde 10, zima kwa sekunde 5, rudia mara nne au tano.
2. Ikishindikana, zima swichi kuu. Tafuta yunioni ya upande ambao maji hutokea pampu, ile nati kubwa ya plastiki inayofungwa kwa mkono. Ilegeze robo mzunguko.
3. Utasikia hewa ikipumua. Maji yakianza kuchuruzika bila viputo, kaza kwa mkono. Usitumie spana kubwa. Plastiki ya miaka 15 hupasuka.
4. Futa maji, washa, jaribu.

Ili isijirudie, jaza jakuzi kwa kuingiza mpira wa maji ndani ya nafasi ya kichujio badala ya kuuachia katikati ya beseni. Maji yakipanda kutoka chini ya mabomba huisukuma hewa itoke mbele yake.

Hatua ya 4: Hewa inayovutwa

Funga vifundo vyote vya hewa na utazame jeti. Bado zinatoa viputo vidogo, na pampu inanguruma kama imejaa kokoto? Kuna mahali upande wa kufyonza panapopitisha hewa.

Pengo la upande huu ni gumu kulikamata kwa sababu hujificha pampu ikiwa inafanya kazi. Pampu ikizimwa, maji hudondoka. Ikiwashwa, mvuto hugeuza njia, matone hukoma na hewa huanza kuingia. Kwa hiyo kagua pampu ikiwa imezimwa kwa saa moja: pitisha tambara kavu chini ya yunioni ya upande wa kuingilia maji na kuzunguka shingo ya pampu. Panapolowa ndipo. Mara nyingi ni oringi, yaani pete ya mpira, ya yunioni iliyobapa. Funga vali mbili zilizo pande zote za pampu, fungua yunioni, badilisha oringi kwa yenye kipenyo na unene uleule, ipake grisi ya silikoni kidogo, ikalie vizuri kwenye mfereji wake.

Hatua ya 5: Vali

Zile vali mbili za kufungia pampu, zenye mpini wa kuvuta juu, hushuka zenyewe kwa mtikisiko. Zivute hadi mwisho na uzibane kwa klipu. Wakati mwingine mpini hupanda huku bamba la ndani limekatika na kubaki chini, likiziba bomba. Mpini wa namna hiyo huwa mwepesi mno mkononi.

Vali ya kugawia, ile ya kifundo kikubwa kwenye ukingo, ikikaa katikati hugawa maji kwa jeti nyingi kuliko uwezo wa pampu, na pande zote mbili hulegea. Hilo si ubovu, ndivyo ilivyoundwa. Izungushe hadi mwisho wa upande mmoja. Ikiwa ngumu, au kifundo kinazunguka bila jeti kubadilika, zima pampu, vua kifundo, fungua kofia yake na utoe kiini. Mara nyingi iko juu ya usawa wa maji, hivyo huhitaji kumwaga beseni. Safisha mchanga na chokaa, badilisha oringi, paka grisi. Ukikuta kiini kimevunjika, tafuta vipande vyake vyote; kilichokosekana kimekwenda kuziba jeti fulani mbele.

Hatua ya 6: Nozeli na chokaa

Hapa ndipo jakuzi za mwambao huumia. Maji ya visima vilivyochimbwa kwenye mawe ya matumbawe, kutoka Diani hadi Nungwi, huwa na chokaa nyingi. Yakipashwa moto, chokaa haibaki imeyeyuka kama kwenye maji baridi. Juu ya hayo, viputo vya hewa hufukuza kaboni dayoksaidi iliyomo ndani ya maji, pH hupanda, na ukoko hujengeka palepale hewa na maji vinapokutana, yaani ndani ya koo la jeti. Tundu likipungua milimita chache tu, unalihisi mgongoni.

Zungusha nozeli kinyume cha saa hadi mwisho, kisha vuta. Nyingine huhitaji kupitishwa kwa nguvu kidogo kwenye kizuizi chao. Loweka usiku kucha kwenye siki nyeupe na maji, nusu kwa nusu, halafu sugua kwa mswaki wa zamani. Nozeli za kuzunguka zina beringi ndogo. Zisipozunguka kwa pumzi ya mdomo baada ya kusafishwa, zibadilishe. Kabla ya kuzirudisha, mulika tochi ndani ya mwili wa jeti uliobaki ukutani. Ukiona ukoko huko pia, ukwangue kwa kijiti cha plastiki, si cha chuma.

Viputo vikikosekana kwenye jeti zote za kifundo kimoja cha hewa, vua kifundo na uoshe. Angalia pia ncha za mabomba ya hewa ndani ya kasha. Wadudu hujenga humo, hasa nyumba ikikaa bila watu.

Kwa chokaa ya ndani ya mabomba: zima hita, toa kichujio, weka lita 1 ya siki nyeupe kwa kila lita 100 za maji, zungusha kwa saa moja, acha itulie saa mbili, mwaga, suuza. Nyumba ya likizo iliyofungwa kwa miezi huwa na tatizo jingine, utando wa ute ndani ya mabomba. Siki haiuondoi, tumia dawa ya kusafishia mabomba ya jakuzi kabla ya kumwaga maji ya zamani, si baada ya kujaza mapya. Baada ya hapo shikilia pH kati ya 7.4 na 7.6 na ugumu wa maji kati ya miligramu 150 na 250 kwa lita. Karatasi za kupimia hutosha.

Hatua ya 7: Umeme, na jakuzi zilizokuja kwa kontena

Kama jakuzi yako ilitoka Marekani au Kanada, soma kibao cha pampu kabla ya kufungua chochote. Kikisema Hz 60 (mizunguko 60 ya umeme kwa sekunde) peke yake, jeti zake hazijawahi kuwa na nguvu kamili tangu zifungwe Kenya au Tanzania, ambako umeme ni wa Hz 50. Mota ya mizunguko 3,450 kwa dakika hapa huzunguka takriban 2,850. Maji hupungua hadi kama asilimia 83, na shinikizo, ambalo hufuata mraba wa kasi, hushuka hadi kama asilimia 69. Hakuna kichujio wala grisi itakayorudisha theluthi hiyo iliyopotea. Zaidi ya hilo, mota ya Hz 60 kwenye Hz 50 kwa volti zilezile hunyonya mkondo mkubwa na kupata joto, ndiyo maana nyingine hujizima baada ya nusu saa na kuwaka tena zikipoa. Dawa ni pampu ya Hz 50. Anayerudi nyumbani kutoka huko na jakuzi yake, bora apange gharama hii kabla ya kulipia meli.

Vipimo vinavyofuata hufanywa na fundi umeme, kwa kuwa vinahitaji kasha wazi na umeme ukiwa umewashwa. Volti zipimwe kwenye vituo vya pampu hita na pampu zikifanya kazi pamoja. Zikishuka chini ya 207 kwenye umeme wa 230, waya ni mwembamba kwa urefu wake au kiungo kimelegea. Kisha klampu mita, kipima mkondo kinachobana waya kwa nje, izungushwe waya mmoja wa mwendo mkubwa na mkondo ulinganishwe na kibao.

Usomaji huu husema mengi, na wengi huufasiri kinyume. Pampu ya aina hii ikizibwa, mkondo hushuka, haupandi, kwa kuwa haina maji ya kusukuma. Mkondo mdogo sana kuliko wa kibao maana yake mota inazunguka bure: hewa, vali iliyofungwa, au impela iliyoziba, yaani gurudumu lenye mapanga linalosukuma maji ndani ya pampu. Mkondo mkubwa wenye mvumo bila mzunguko ni mota iliyokwama au kapasita, kipuri kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka, iliyokufa. Kusipokuwa na mkondo kabisa kwenye waya wa mwendo mkubwa huku mdogo ukifanya kazi, angalia rilei, swichi inayowashwa kwa umeme, kwenye bodi ya saketi. Kapasita ihakikishwe imetolewa chaji kabla ya kuguswa. Ikipimwa chini ya asilimia 90 ya mikrofaradi zilizoandikwa, ibadilishwe.

Hatua ya 8: Kufungua pampu

Umefika hapa tu kama yote ya juu yamekataa. Zima swichi kuu, funga vali mbili, weka ndoo, fungua yunioni zote mbili. Piga picha ya upande ambao mdomo wa pampu umeelekea, kwa sababu nyumba yake, lile ganda la plastiki linalofunika impela, inaweza kufungwa kwa pembe nne tofauti.

Ondoa skrubu za nyumba ya plastiki na uivute. Mulika kwenye jicho la impela, lile tundu la katikati, na kati ya mapanga yake. Humo hukaa nywele zilizosokotwa, nyuzi za kichujio kilichopasuka, majani ya mwarobaini. Jakuzi iliyo chini ya mivinje hupata adha ya pekee, maana vijani vyake ni kama sindano na hupenya panapozuia jani pana. Toa uchafu kwa koleo nyembamba na waya uliokunjwa ncha, polepole, bila kuvunja panga.

Sasa angalia vitu vitatu. Mapanga yakiwa yamelika au kuvunjika, impela ibadilishwe. Pete ya plastiki inayozunguka jicho la impela ikiwa na ufa au imelika, maji yaliyosukumwa hurudi nyuma na kuzunguka humohumo ndani ya pampu. Kipuri hiki kidogo hudhoofisha jeti bila kelele yoyote. Na ukiona ukoko mweupe kati ya mota na nyumba, sili inavuja, na beringi ya mbele inafuata.

Kutoa impela, vua kofia ya nyuma ya mota, shika ekseli kwa spana au bisibisi bapa, kisha zungusha impela kinyume cha saa ukiitazama kwa mbele. Ukishaitoa, weka sili mpya hata kama ya zamani inaonekana nzima. Sili ina nyuso mbili laini zinazosuguana. Usiziguse kwa vidole wala kuzipaka grisi. Lainisha mpira wake kwa maji ya sabuni tu, uusukume kwa nguvu sawa pande zote. Badilisha na oringi ya nyumba, kisha kaza skrubu kwa mtindo wa msalaba.

Kama mota yenyewe imekufa na lazima ununue pampu, usichague kwa nguvu za farasi zilizochapishwa kwenye stika. Watengenezaji huzipima kwa njia tofauti. Linganisha ampia za mwendo mkubwa, volti, Hz, idadi ya mwendo, kipenyo cha yunioni, na upande wa mdomo. Pampu kubwa kupita mabomba huleta kelele na kuvuta hewa, na inaweza kuzidi uwezo wa mifuniko ya kufyonzea, ambao umeandikwa juu ya mifuniko hiyo.

Ukimaliza, fungua vali zote mbili kabla ya kuwasha, toa hewa kama kwenye hatua ya 3, kisha tandika gazeti kavu chini ya pampu na urudishe mbao baada ya saa 24, gazeti likiwa bado kavu.